Mwongozaji, mtayarishaji, na mwenye tamthilia

Tulikuwa Lang'ata, Nairobi, tukirekodi tamthilia ya runinga katika nyumba ya kukodi iliyogeuzwa jumba la tajiri, na kazi ikasimama kwa sababu ya bangili. Mwigizaji aliingia jikoni ameivaa mkono wa kulia. Nikafungua daftari langu. Katika onyesho la sebuleni, tulilolirekodi siku 9 nyuma na ambalo mtazamaji angeliona sekunde chache tu kabla ya hili la jikoni, bangili ilikuwa mkono wa kushoto. Nikainua mkono. Mwongozaji akatazama dirisha, akaona mwanga unaondoka, akasema, "Turudie." Mtayarishaji alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, karibu na jenereta, akipiga hesabu ya nauli za usiku. Hakuuliza bangili ina shida gani. Aliuliza, "Dairekta, kurudia kutatuchukua dakika ngapi?"

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kutunza mwendelezo: kuhakikisha kwamba vipande vilivyorekodiwa siku tofauti vikiunganishwa vitaonekana kama maisha yasiyokatika. Ni kazi ya kukaa kimya na kutazama, na kwa misimu kadhaa niliwatazama watu wawili hawa kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote pale. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia watu wakiwachanganya. Majina yao hupita haraka mwisho wa kila sehemu, taarifa ya habari ikiwa mlangoni, na mtazamaji akibaki na dhana kwamba mwongozaji ndiye mwenye hadithi na mtayarishaji ndiye mwenye pesa. Dhana zote mbili si sahihi, na zimewagharimu vijana wengi wa Nairobi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyoizaa kazi yenyewe. Tamthilia inayoonyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa, kila sehemu ikibakiwa na dakika 22 ukiondoa matangazo ya biashara, inahitaji dakika 110 kwa wiki. Hiyo ni filamu nzima ya sinema, kila wiki. Kwa kanuni ya zamani ya fani hii, ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja kwenye kioo. Ukirekodi siku 5 kwa wiki, unatakiwa umalize kurasa 22 kwa siku. Wanaotengeneza filamu huiona siku yao imekwenda vizuri wakimaliza kurasa 2 hadi 4. Zidisha kwa mwaka mzima, upate sehemu 260.

Hakuna binadamu anayeweza kuongoza mzigo huo peke yake. Kwa hiyo tamthilia ndefu huwa na waongozaji wanaopokezana: mmoja yuko kwenye seti, mwingine anasoma mswada wa wiki ijayo, wa tatu yuko kwa mhariri anapitia alichorekodi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo hiki hakiendi mrama kwa sababu juu ya manahodha yupo tajiri wake, kwa maana ile ya Pwani: mtu ambaye chombo ni chake, anayejua kimepakia nini na kinatia nanga wapi. Huyo ndiye mtayarishaji. Mwongozaji akija zamu yake anakuta kila kitu kimeshaamuliwa. Mama mkwe anatembea vipi, nani anamchukia nani, pazia za sebuleni ni rangi gani. Hawezi kuamka asubuhi akamfanya mlevi wa hadithi kuwa mtu wa sala.

Hapo ndipo wengine wanapomdharau mwongozaji wa tamthilia, wakimwita msimamizi wa trafiki. Mimi nimemwona akifanya kazi, na nakataa.

Chukua siku ya jikoni. Nyumba hukodiwa kwa siku, na kupanga taa upya hula muda, kwa hiyo maonyesho yote ya jikoni ya sehemu 10 hurekodiwa kwa mkupuo. Saa 2 asubuhi mwigizaji analia kwa sababu mumewe amekufa. Saa 4 anampikia mume huyo chai, bado hajajua ana mwanamke mwingine. Saa 6 anajua, lakini anajifanya hajui. Saa 8 amerudi kwenye kilio, siku ya pili ya matanga, na macho yake yanapaswa kuwa yamevimba zaidi ya yale ya asubuhi. Mwongozaji hubeba ngazi yote ya moyo wa mhusika kichwani. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwigizaji mkongwe kabla ya kamera kuwashwa: "Mama, hapa bado unampenda. Ile simu hujaisoma. Mimina chai taratibu." Maneno machache tu, na mkono wa yule mama ukabadilika. Alikuwa ameushika mtungi wa chai kwa hasira ya onyesho lililotangulia bila kujua.

Haya yote hutokea huku ndege ndogo za uwanja wa Wilson zikipita juu ya paa. Mtu wa sauti anainua kidole, kila mtu anaganda, ndege inapita, tunaendelea. Mvua ikianza kupiga mabati ya jirani, mazungumzo yote yanasimama, na mwongozaji inabidi apate onyesho lisilo na maneno la kurekodi wakati huo. Stima ikipotea, jenereta inawashwa mbali, nyuma ya ukuta, ili mngurumo wake usiingie kwenye maikrofoni. Mwongozaji mzuri wa tamthilia huamua mambo kama haya mara kadhaa kwa saa bila kupandisha sauti, kwa sababu waigizaji wakishaogopa, kurasa 22 hazitoki.

Mtayarishaji naye hayuko pale kulipa tu. Kazi yake ilianza miezi mingi kabla, katika chumba cha waandishi, ambako njia ya hadithi huchorwa ukutani kwa msimu mzima: nani ataolewa, nani atafungwa, siri itapasuka sehemu ya ngapi. Mwigizaji mkuu akishika mimba, ni mtayarishaji anayeamua kama mhusika naye atashika mimba, atasafiri, au atakuwa anasimama nyuma ya meza kwa miezi mitano. Ni yeye anayetafuta leseni ya kurekodi katika Idara ya Huduma za Filamu, anayezungumza na kaunti ikiwa kuna onyesho la barabarani, anayejua Bodi ya Uainishaji wa Filamu itasema nini. Ni yeye pia anayekumbuka kwamba kwa kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku hakuonyeshwi mambo yasiyofaa watoto. Ukiona wapendanao wa tamthilia ya jioni wanafika mlangoni na mlango unafungwa, ujue kanuni hiyo ndiyo iliyoufunga.

Tukirudi kwenye swali la bangili, mwongozaji alikuwa analinda ukweli wa onyesho, mtayarishaji alikuwa analinda kuwepo kwa onyesho la kesho. Wote wawili walikuwa sahihi. Tulirudia kwa dakika 12, na maonyesho mawili mafupi yakasogezwa hadi siku nyingine.

Kesi ya mama wa fani hii

Swali la nani mwenye tamthilia ni la zamani kama tamthilia yenyewe. Fani hii ilizaliwa kwenye redio za Marekani miaka ya 1930, ikidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia wanawake walioko nyumbani mchana. Ndiyo maana Wamarekani bado huiita kwa jina la sabuni. Mwaka 1930 mwanamke aitwaye Irna Phillips alianza kuandika na kuigiza *Painted Dreams* katika redio ya WGN ya Chicago. Kipindi kikapendwa. Phillips akataka kukipeleka kwenye mtandao wa redio wa nchi nzima, kituo kikakataa, kikasema kipindi ni mali yake. Akaenda mahakamani na akashindwa.

Alichofanya baada ya kuondoka ndicho ningependa kila kijana anayeingia fani hii akijue. Mwaka 1932 alianzisha *Today's Children* katika kituo kingine cha mji huohuo, safari hii haki zikiwa mkononi mwake. Mwaka 1937 akawa mmoja wa waanzilishi wa *The Guiding Light*, iliyohamia runinga mwaka 1952 na kuendelea hadi 2009. Miaka 72. Huyu hakuwa mwongozaji. Alikuwa mwandishi aliyejifunza kuwa mtayarishaji baada ya kunyang'anywa hadithi yake, na urefu wa maisha yake ya kazi unatokana na somo hilo moja.

Kwetu fani ilikuja kwa njia nyingine. Barabara ya Harry Thuku hapa Nairobi ina Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa 1952, na ina pia makao ya shirika la utangazaji la taifa, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa miongo mingi taaluma ya uigizaji wa Kenya ilikuwa ni kuvuka kati ya nyumba hizo mbili. Waongozaji wa mwanzo wa runinga walikuwa waajiriwa wa serikali wenye mshahara na pensheni, na hadithi zilikuwa za shirika. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Mwaka 1987, shirika hilo likiwa bado linaitwa Sauti ya Kenya, ilikuja runingani tamthilia ya *Tushauriane*, na redioni *Ushikwapo Shikamana*. Zilifuata mbinu ya Miguel Sabido, mwongozaji na mtayarishaji wa Mexico ambaye kuanzia katikati ya miaka ya 1970 alitengeneza tamthilia za kuhimiza watu wazima wasome na wapange uzazi. Mbinu yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kuna wahusika wema, kuna waovu, na kuna wale walio katikati wanaoyumba, wanaokosea kama sisi. Mtazamaji hujifunza kwa huyu anayeyumba. Ukimpa mtu mwema nafasi ya kuhubiri, watu wanabadilisha kituo. Hapa Kenya ujumbe ulikuwa uzazi wa mpango, na nyumba nyingi zilibishana kuhusu jambo hilo kwa mara ya kwanza kupitia wahusika wa runinga. Tamthilia za kufadhiliwa kwa ajili ya ujumbe hazikuisha. Msimu wa kwanza wa *Shuga*, kuhusu Virusi vya Ukimwi, ulirekodiwa Nairobi mwaka 2009, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Lupita Nyong'o.

Kisha soko likafunguka. Vituo vya binafsi viliongezeka, kanuni za utangazaji za 2009 zikadai asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani, na mwaka 2015 mitambo ya analogia ikazimwa, nafasi za chaneli zikawa nyingi ghafla. Watazamaji waliokuwa wamezoea tamthilia za Mexico zenye sauti za kubandika walianza kuona mitaa yao. *Selina* ya Maisha Magic East iliwavuta. *Maria* ya Citizen, iliyoanza 2019, ikawafanya watu wawahi nyumbani. Iliyoitengeneza ni Jiffy Pictures, kampuni ya wanandoa Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ambao watazamaji waliwajua kwanza kama wasomaji wa habari. Baada ya *Maria* walileta *Zora*. Angalia kilichobaki hadithi moja ilipokwisha: kampuni ilibaki, na kazi ya pili ilikuwa na mlango wa kupitia. Mwongozaji wa kukodiwa hadithi ikiisha hubaki na simu yake.

Sheria inasemaje

Hapa ndipo fundo lilipo, na ni vizuri kulifungua polepole.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inaposema nani ni mtunzi wa kazi ya picha na sauti, inamtaja mtu aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Isome tena sentensi hiyo. Haimtaji aliyesimama nyuma ya kamera. Aliyekodi nyumba, akakusanya kikosi, akatafuta pesa na kupanga ratiba, huyo ndiye mtunzi machoni pa sheria. Yaani mtayarishaji. Uingereza, tangu 1994, watunzi wa filamu ni wawili kwa pamoja, mtayarishaji na mwongozaji mkuu. Ufaransa humhesabu mwongozaji kuwa mtunzi pamoja na waandishi. Kwetu mwongozaji, kwa kazi ya kuongoza peke yake, hatajwi.

Lakini mtayarishaji asishangilie mapema. Kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo kinasema kazi ikifanywa kwa kuagizwa, au ikifanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uhai wote. Mkinyamaza, mali inakwenda kwa aliyeagiza. Mkiandika, mnaweza kugawana.

Kwa hiyo umiliki hufuata njia ya pesa. Kituo kikiagiza tamthilia na kulipa gharama zote, kwa kawaida kinachukua kila kitu: hadithi, majina ya wahusika, haki ya kurudia, haki ya kuuza nje. Mtayarishaji anapata malipo ya kazi na hana hofu ya hasara. Akitengeneza kwa pesa zake au za mkopo, anakipa kituo leseni ya kuonyesha kwa muda fulani, na muda ukiisha hadithi inarudi kwake. Lakini kituo kikikataa msimu wa pili, deni ni lake peke yake. Wapo wanaogawana mapato ya matangazo na kituo, mpango ambao sikuwahi kuona ukimnufaisha asiye na mhasibu mkali. Na yupo mfadhili wa ujumbe, ambaye hajali sana marudio lakini atataka kupitisha kila mswada.

Ninaamini, na nimesema hivi mbele ya watayarishaji wenyewe, kwamba njia ya kwanza si utumwa. Kampuni changa isiyo na kamera yake wala akiba itafanya vyema kuanzia hapo. Kosa ni kuingia njia ya kwanza ukidhani umeingia ya pili. Mtayarishaji mmoja niliyefanya kazi naye alizunguka mwaka mzima na wazo la hadithi ya familia ya wauza samaki, akaliandikia kurasa 60, akalipeleka kituoni, likakubaliwa. Kandarasi ilikuwa na kurasa 31. Alisoma ukurasa wa malipo na ukurasa wa saini. Misimu miwili baadaye alipotaka kuwapeleka wahusika wake kwenye tamthilia mpya, aliambiwa kwa upole kabisa kwamba wahusika si wake.

Je, anayeanza ashike njia ipi, uongozaji au utayarishaji? Nairobi mara nyingi huna anasa ya kuchagua, kwa sababu bajeti ndogo humfanya mtu mmoja kuwa vyote viwili, akiongoza mchana na kupiga hesabu usiku. Wengi huingia kupitia makundi yanayozunguka shuleni na tamthilia za vitabu vya fasihi, ambako mtu huyohuyo huigiza, hubeba mapambo na kumdai mwalimu mkuu malipo. Wengine hupitia Taasisi ya Mawasiliano ya Umma iliyoko South B. Wengine huanza kwa kubeba nyaya. Ningemshauri kijana apitie pia kazi ya kutunza mwendelezo, japo najua napendelea ya kwangu. Pale unasoma mswada wote, unamsikia mwongozaji akifikiri, na unajua kila dakika iliyopotea ilipotelea wapi. Waongozaji wawili niliowatunzia mwendelezo walianzia hapohapo, na walikuwa wepesi kuliko wenzao.

Cha muhimu zaidi, aombe nakala ya kandarasi siku 3 kabla ya kusaini na atafute kifungu cha hakimiliki kabla ya kutafuta kiasi cha malipo. Mwongozaji anaweza kudai jina lake litajwe kwa namna fulani, alipwe kitu kipindi kikirudiwa au kikiuzwa nje, aitwe kwanza msimu mpya ukija. Sheria haimpi hayo yenyewe. Yanapatikana mezani, kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, wakati bado anahitajika.

Tamthilia ya Lang'ata ilikwisha kama nyingi zinavyokwisha, kwa barua fupi kutoka kituoni kwenda kwa mtayarishaji. Mwongozaji alisikia kutoka kwa dereva. Siku ya kufungasha tulikaa sebuleni tukiandika lebo: nguo za mama mkwe mfuko huu, viatu vya watoto mfuko ule, sufuria, mapazia, fremu za picha za harusi ambayo haikuwahi kufanyika. Kandarasi ilisema vitu vilivyonunuliwa kwa bajeti ni vya kituo. Bangili niliikuta kwenye droo ya jikoni. Nilimwonyesha mtayarishaji, akaishika kidogo, akaigeuza kwenye mwanga, akanirudishia. Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina la mhusika na mkono wa kushoto, nikaiweka katika mfuko wa tatu. Pikapu ilikuja saa 11 jioni.